Chembe nyeupe hupokea amri kwa nani?

Mpenzi msikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliyeikosa sauti yangu redioni ukaamua kuisubiri gazetini, leo naomba tuzungumze habari ya damu. Najua wapo watakaosogeza viti nyuma wakisikia neno hilo, lakini vumilieni kidogo, kwani jambo lenyewe lilinifuata mpaka mlangoni kwangu.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja ambaye nitamwita Mama Zuhura, jina ambalo si lake. Mwaka juzi aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza kutundikiwa dripu za ile dawa kali ambayo wengi wetu twaiita kemo. Dripu ya kwanza ilikwenda salama. Siku ya kwenda kupata ya pili alipimwa damu kwanza, na muuguzi akamwambia, "Mama, leo hatukupi dawa. Chembe nyeupe zimeshuka sana. Rudi nyumbani, uje wiki ijayo." Wiki iliyofuata alikwenda, na maneno yakawa yale yale.

Mama Zuhura alirudi nyumbani akajifungia ndani. Kwa miezi miwili hakukanyaga tena hospitali. Sababu yake kila mtu mtaani aliijua ingawa hakuna aliyeitamka kwa sauti. Sisi tuliokulia katika miaka ya 1980 na 1990 tulifundishwa na mabango, redio na misiba kwamba chembe nyeupe zikishuka, ugonjwa ni ule mmoja tu. Jirani alimnong'oneza jirani. Wapo waliosema saratani ni kisingizio. Na mimi, mtu wa kushika maikrofoni na kuelimisha umma, nakiri hapa hadharani kwamba nilikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa na kusema, "Loo, maskini."

Siku moja bintiye alinijia jioni, akakaa, akasema: "Shikamoo mjomba. Mama amenituma. Anasema wewe unasomasoma. Anauliza hizo chembe nyeupe huamriwa na nani zipande, na nani huziamuru zishuke. Kama yupo mwenye kuziamuru, mbona hospitali hawamwambii azipandishe?"

Nilijibu kwamba nitamletea jibu, kama wafanyavyo watu wasio na jibu. Lakini lile swali halikuniacha nilale. Nilipoanza kufungua vitabu na kuwauliza madaktari, nikakuta kwamba mama huyu, ambaye shule aliiacha darasa la saba, alikuwa ameuliza swali lile lile lililowahangaisha mabingwa wa dunia kwa karibu miaka 100. Basi leo nawasimulia walivyolitafuta jibu lake.

Tuanze na chembe zenyewe. Katika milimita moja ya ujazo ya damu, yaani tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti, mtu mzima huwa na mamilioni ya chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba hewa safi. Chembe nyeupe katika tone hilo hilo ni chache, na vitabu vingi husema ni kati ya 4,000 na 11,000. Chembe nyeupe nazo si kabila moja. Zipo zinazoitwa neutrofili, ambazo ndizo askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Zipo makrofaji, zile kubwa zinazomeza wadudu na uchafu. Zipo na limfosaiti, ambazo miongoni mwake ndimo zilimo zile chembe za CD4 zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI. Tafadhali tofauti hiyo iweke akilini, kwani tutaihitaji mbele ya safari.

Neutrofili hazidumu. Zikishaingia katika damu, huzunguka kwa saa chache tu kisha hutoka na kufa. Kwa hiyo mwili hulazimika kuzitengeneza mpya bila kupumzika, na kiwanda chake ni uloto, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Inakadiriwa kwamba uloto wa mtu mzima hutoa neutrofili bilioni 100 kila siku. Mtu akipata jipu au nimonia, idadi hiyo huongezeka maradufu, na jipu likipona hurudi pale pale ilipokuwa. Sasa waona uzito wa swali la Mama Zuhura. Kiwanda kimefungwa ndani ya mfupa. Jipu liko kwenye kidole cha mguu. Ni nani anayepeleka habari kutoka kidoleni hadi kiwandani?

Wa kwanza kuwaona askari hawa kazini alikuwa Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ukraine. Mwezi Desemba mwaka 1882 alikuwa katika mji wa Messina, kisiwani Sicily. Siku hiyo watu wa nyumbani kwake walikuwa wamekwenda sarakasi kutazama nyani, yeye akabaki peke yake na darubini yake. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake ni mwangavu kama kioo, akavichoma kwa miiba midogo aliyoichuma bustanini. Asubuhi alikuta chembe ndogo zimeuzunguka ule mwiba pande zote. Hapo aliamini kwamba mwili una walinzi wanaotembea na kuwameza wavamizi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye kwa kutumia rangi za kutilia nguo alikuwa amewezesha aina za chembe nyeupe kutofautishwa chini ya darubini.

Metchnikoff alionyesha kwamba askari huja. Hakuonyesha ni nani aliyewaita.

Upande wa chembe nyekundu, Wafaransa wawili, Carnot na Deflandre, walikuwa wamedokeza mwaka 1906 kwamba mwili hupeleka ujumbe kwa njia ya damu kuuambia uloto uongeze chembe. Upande wa chembe nyeupe ilibidi kungoja zaidi. Mwaka 1940 huko Boston, Marekani, daktari mmoja aitwaye Valy Menkin alichukua majimaji kutoka sehemu za mwili wa mnyama zilizovimba, zile zenye wekundu, joto na maumivu. Alipoyadunga katika damu ya mnyama mwingine mwenye afya, chembe nyeupe zikapanda. Menkin alisema ndani ya majimaji yale mna kitu kinachoutikisa uloto.

Wazo lake lilikuwa sahihi, ila vifaa vya wakati wake havikutosha. Majimaji yale yalikuwa mchanganyiko, na baadaye wenzake walionyesha kwamba baadhi ya vitu alivyodai kuvitenga vilikuwa vimeingiliwa na sumu za bakteria, ambazo zenyewe huweza kuzipandisha chembe na kuleta homa. Katika sayansi, ndugu msomaji, haitoshi kusema nyumbani mna mtu. Sharti umtoe nje, umsimamishe juani, watu wamwone.

Aliyemtoa mtu huyo nje alipatikana mbali kabisa, mjini Melbourne, Australia. Jina lake Donald Metcalf, aliyezaliwa mwaka 1929. Mwaka 1954, akiwa daktari kijana, alipata ufadhili wa kufanya utafiti wa saratani katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall. Mkurugenzi wa taasisi, Macfarlane Burnet, alikuwa bingwa wa virusi na hakuwa na imani kubwa na watu wa saratani. Metcalf akapewa nafasi kwenye banda la wanyama wa majaribio. Hakulalamika wala hakuondoka. Ufadhili huo ulimlea kwa miaka 60, mpaka alipofariki mwezi Desemba mwaka 2014.

Jambo lenyewe lilianza kwa bahati, mwaka 1965. Ray Bradley wa Chuo Kikuu cha Melbourne alikuwa akijaribu kuotesha chembe za saratani ya damu ya panya katika visahani vya agari. Agari ni utando mzito kama uji uliopoa, unaotengenezwa kwa mwani, jamaa wa mwani ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani. Bradley aliweka pia chembe za uloto wa panya ndani ya visahani, zikiwa kama mbolea ya kuzisaidia zile za saratani. Za saratani zikagoma kuota. Badala yake, ile mbolea ndiyo iliyoota. Kwenye agari yakatokea madoa madogo, na kila doa lilikuwa ukoo mzima wa chembe nyeupe uliotokana na chembe moja.

Mwingine angevitupa visahani vile. Bradley alimwonyesha Metcalf, na Metcalf akaelewa alichokuwa akikitazama. Kama chini ya agari kulikuwa na tabaka la chembe za aina fulani, koo zile ziliota. Tabaka hilo likiondolewa, chembe za uloto zilikufa. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kitu kisichoonekana kilichokuwa kikipenya kutoka tabaka la chini kwenda juu na kuziambia chembe, "Zaeni." Makala yao ilichapishwa mwaka 1966.

Haki lazima itendeke katika historia, kwa hiyo niseme kwamba hawakuwa peke yao. Mwaka 1965 huo huo, katika Taasisi ya Weizmann kule Israeli, Leo Sachs na mwanafunzi wake Dov Pluznik walichapisha matokeo yanayofanana na hayo. Sachs alikuwa mzaliwa wa Leipzig, ambaye wazazi wake walikimbia naye kutoka Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto. Watu wawili, pande mbili za dunia, hawajapanga lolote, wakabisha hodi kwenye mlango mmoja.

Walikiita kitu kile kichochezi cha koloni, kwa maana ya koloni za chembe kisahanini, wala si zile tulizozipigania uhuru. Wengi walimbeza Metcalf. Walisema hayo ni mambo ya kisahani tu na ndani ya mwili hakuna kitu kama hicho. Kujibu hoja hiyo kulichukua takriban miaka 20. Sababu ni kwamba kichochezi chenyewe ni protini ambayo mwili huitoa kwa kiasi kidogo mno. Walikitafuta katika mkojo wa binadamu, wakakitafuta katika majimaji ya mapafu ya panya. Metcalf aliketi kwenye darubini siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, akihesabu koloni kwa macho yake mwenyewe.

Ikaja kuonekana kwamba vichochezi si kimoja bali ni vinne. Kimoja huamuru zaidi neutrofili, nacho hujulikana kwa herufi G-CSF. Kingine huamuru makrofaji, yaani M-CSF. Cha tatu, GM-CSF, huziamuru zote mbili, na cha nne huchochea aina nyingi kwa pamoja. Mwaka 1983 Nicos Nicola na wenzake katika kundi la Melbourne walifaulu kuitenga G-CSF ya panya ikiwa safi. Mwaka 1985, Karl Welte na wenzake mjini New York waliitenga ile ya binadamu. Mwaka 1986 makundi mawili, moja Japani na lingine Marekani, yalilipata jeni lake. Tangu hapo protini hiyo ikawa inaweza kutengenezwa kwa wingi kwa kuwapa bakteria jeni hilo walifanyie kazi. Ujumbe ambao zamani ulitafutwa kwenye mapipa ya mkojo sasa ukajazwa katika chupa.

Sasa tunaweza kumjibu Mama Zuhura. Chukua mfano wa mtoto aliyechomwa na mwiba shambani. Bakteria wameingia na mguu umevimba. Makrofaji waliokuwa wakiishi humo humo kwenye nyama ya mguu wanawagundua wavamizi. Hutoa protini za kutoa habari, kama interlukini-1 na nyingine iitwayo TNF. Hizo huziamsha chembe za jirani na kuta za mishipa ya damu, nazo huanza kutoa G-CSF. Protini nyingine, zinazoitwa kemokini, huwaonyesha askari njia ya kutoka kwenye damu na kuingia mguuni. G-CSF husafiri na damu mpaka kwenye uloto. Huko hufanya kazi mbili. Huzifungulia neutrofili zilizokwisha komaa zitoke haraka, na huzihimiza chembe mama zizae nyingine. Ndiyo maana mtoto yule akipimwa damu kesho yake, chembe nyeupe zinaweza kuwa 15,000 au zaidi, na daktari akasema, "Ana maambukizi." Daktari hajamwona bakteria. Amesoma jibu la barua iliyotoka mguuni kwenda mfupani.

Je, nani huziamuru zishuke? Hapa ndipo mimi nilipoweka kalamu chini na kustaajabu. Neutrofili zenyewe huikamata G-CSF na kuimeza. Zikiwa nyingi, barua nyingi humezwa, na kiwanda hupunguza kasi. Zikiwa chache, barua hubaki nyingi ndani ya damu, na kiwanda huongeza. Mwaka 2005 kundi la Klaus Ley nchini Marekani lilionyesha pia njia ya pili. Neutrofili zinapokufa mwilini na kuliwa na makrofaji, makrofaji hao hupunguza ujumbe fulani, ambao nao hupunguza mwingine, mpaka G-CSF ikapungua. Kwa maneno mengine, maiti za askari ndizo zinazotoa habari kwamba askari wapo wa kutosha. Hakuna mfalme aliyeketi mahali akihesabu. Hesabu hutokana na mazungumzo ya chembe zenyewe.

Tena tusidhani kwamba kuamuru zaidi ndiyo afya zaidi. Mwaka 1987 watafiti wa Melbourne waliwatengeneza panya wenye GM-CSF ya kupita kiasi. Makrofaji yao yalijaa machoni na kwenye misuli, panya wakapofuka, wakadhoofu na kufa mapema. Na sisi tuliopitia UVIKO-19 tuliyaona hayo kwa binadamu. Kwa baadhi ya wagonjwa mahututi, kilichokuwa kikiyaharibu mapafu hakikuwa kirusi peke yake, bali pia kelele za mwili wenyewe ukipiga mbiu bila kukoma. Ndiyo maana mwezi Julai mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wagonjwa hao dawa zinazozuia ujumbe wa interlukini-6. Askari asiyeamriwa kurudi kambini huishia kuwapora aliotumwa kuwalinda.

Turudi kwenye ile chupa. Kati ya mwaka 1987 na 1988, madaktari wa Manchester, New York na Melbourne waliwadunga G-CSF wagonjwa wa saratani ambao kemo ilikuwa imewashusha chembe, na zikapanda. Mwezi Februari mwaka 1991 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, ambayo jina lake la kitabibu ni filgrastimu. Wakati huo huo ilijaribiwa kwa watoto wenye ugonjwa wa nadra ulioelezwa na daktari wa Sweden, Rolf Kostmann, mwaka 1956. Watoto hao huzaliwa wakiwa hawana neutrofili au wakiwa nazo chache mno. Kabla ya dawa hii, wengi wao walikufa kwa maambukizi wakiwa wachanga. Baada ya dawa hii, walio wengi walipata askari, wakakua, wakaenda shule. Inakadiriwa kwamba hadi Metcalf anafariki, watu zaidi ya milioni 20 duniani walikuwa wametibiwa kwa vichochezi vile vilivyoanzia kwenye kisahani cha mbolea iliyoota.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza filgrastimu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kuwa katika orodha ni jambo moja, na kuwa katika kabati la hospitali ya mkoa, kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa, ni jambo lingine. Hapo sayansi imemaliza kazi yake, na iliyobaki ni kazi yetu na ya wale tunaowapa madaraka.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi Waafrika, ambalo sikulijua mpaka binti wa Mama Zuhura aliponipeleka vitabuni. Zile namba nilizozitaja mwanzo, 4,000 hadi 11,000, zilitokana zaidi na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliopima watu wenye afya njema Mbeya, wakachapisha mwaka 2008, na wengine waliopima watu wazima Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakachapisha mwaka 2009, walikuta kwamba wengi wetu tuna neutrofili chache kuliko vitabu hivyo vinavyotaka, na si wagonjwa.

Sababu yake imo katika zile kemokini, protini zinazowaonyesha askari njia. Juu ya chembe nyekundu za Wazungu wengi kuna kitu kama ndoana, kiitwacho Duffy, ambacho hunasa kemokini. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hatuna ndoana hiyo kwenye chembe nyekundu. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kuikosa kunatukinga na aina moja ya malaria, ile ya vivax, kwani mdudu wake huitumia kama mlango. Mwaka 2009 ikathibitika kwamba jeni hilo hilo ndilo linalotufanya tuwe na neutrofili chache ndani ya damu, bila kutuongezea maambukizi. Ni urithi wa mababu waliopambana na malaria. Lakini daktari akiusoma kwa kitabu cha ugenini, mgonjwa wa saratani anaweza kucheleweshewa dawa kwa sababu ya namba ambayo kwake ni ya kawaida. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha jirani haikosi kukubana mahali.

Nilikwenda kwa Mama Zuhura siku ya Jumapili, nikabisha hodi, nikakaribishwa. Kwanza niliomba radhi kwa kile kichwa nilichokitikisa. Kisha nikamweleza yote haya kwa maneno mepesi kuliko haya ya gazetini. Nilimwambia kwamba dawa ya saratani huwinda chembe zinazozaliana haraka, na kwa kuwa uloto ndicho kiwanda chenye pilikapilika kuliko vyote, nao hupigwa humo humo. Neutrofili hushuka kwa siku kadhaa, kisha barua za G-CSF huwa nyingi, na kiwanda huinuka tena. Wakati mwingine hukawia, na hapo daktari huweza kuongeza barua za kutoka chupani au kupunguza kipimo cha dawa. Nikamwambia pia kwamba UKIMWI hupunguza kabila jingine la chembe nyeupe, na hupimwa kwa kipimo chake wenyewe. Haupimwi kwa minong'ono ya kibarazani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo waliponirudisha nyumbani hawakuwa wamenikatia tamaa?"

Nikamjibu, "La hasha, mama. Walikuwa wanasubiri barua ifike."

Alirudi hospitali wiki ile. Daktari alimfokea kidogo kwa miezi miwili iliyopotea, na kwa haki, kwani saratani haisubiri mtu amalize aibu yake. Chembe zilipimwa, zikakutwa zimepanda, na dripu ya pili ikatundikwa. Amemaliza dripu zote, na sasa huhudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu. Sijui Mungu amempangia miaka mingapi, kama nisivyojua yangu.

Kwako wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, naacha mawili. La kwanza, akipata homa katika siku zile baada ya dripu, usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo, kwani askari wake ni wachache na bakteria hawalali. La pili, ukiambiwa chembe zimeshuka, muulize daktari maswali matatu: ni chembe zipi, zimeshuka kutoka ngapi hadi ngapi, na kwa kipimo cha nani. Daktari mwema hatakasirika.

Na kwetu sisi majirani, liko moja tu. Mwenzetu akirudishwa nyumbani na karatasi ya damu, tusiisome kabla yake.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaaliwa, nakutakia afya njema.